Nakivale Si Shamba la Mifano

Sisi tunaosoma uhusiano wa kimataifa hapa Mbarara tuna ugonjwa mmoja. Sura ya pili ya tasnifu zetu, ile ya nadharia, huandikwa na Wamarekani. Sura ya nne, ile ya matokeo, huandikwa na Nakivale. Fikra tunaagiza kutoka nje, mifano tunaichuma Isingiro, kisha tunajiita watafiti.

Kenneth Waltz, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alisema ingekuwa kichekesho kujenga nadharia ya siasa za kimataifa juu ya Malaysia na Costa Rica. Kama Malaysia ni ndogo mno, Nakivale ni nini? Mwaka 2007 Amitav Acharya na Barry Buzan waliuliza kwa nini hakuna nadharia isiyo ya Kimagharibi. Swali zuri, lakini wengi wetu tumelijibu kivivu: aya moja ya ubuntu mwishoni, na Mwalimu Nyerere kama pambo.

Nililelewa Nakivale. Mama yangu alitoka Kivu. Kwa Mkataba wa Geneva wa 1951, mkimbizi ni mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi lake la kijamii au maoni yake ya kisiasa. Mama hakuwa na chama wala hotuba. Alikimbia risasi zisizouliza jina. Maana iliyompokea ni ile ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyopitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969: inamtambua pia anayekimbia uvamizi, kukaliwa na wageni, au matukio yanayovuruga vibaya usalama wa umma. Uganda imeiingiza katika Sheria ya Wakimbizi ya 2006.

Nilipoiweka maana hiyo katika sura yangu ya pili, pendekezo lilirudi na kalamu nyekundu: "Hii ni sheria. Nadharia iko wapi?"

Nadharia imo humo humo. Mkataba ule unadai kwamba mtu anaweza kukosa ulinzi wa dola yake bila mtesi yeyote kumchagua yeye. Kifungu cha 2 kinadai kwamba kumpa mtu hifadhi si tendo la uadui dhidi ya nchi aliyotoka. Kifungu cha 3 kinawakataza wakimbizi kushambulia nchi mwanachama, kwa silaha, magazeti au redio. Walioandika hayo walijua kwamba mkimbizi si mzigo wa mgao wa chakula tu. Anaweza kubadili dola.

Historia ikawathibitisha. Nakivale ilianza kwa kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Tarehe 1 Oktoba 1990, wapiganaji wa RPF, wengi wao watoto wa wakimbizi waliokulia Uganda, walivuka mpaka kuingia Rwanda. Aliyewaongoza, Fred Rwigyema, alikulia katika kambi ya Ankole. Miaka 21 kabla yake, Addis Ababa ilikwisha kuiona hatari hiyo. Ukitazama kwa miwani ya Waltz, inayoona dola kubwa tu, kambi zile hazionekani kabisa.

Sisemi tumchome Waltz. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa mwaka 2019 hadi Januari 2022, hofu kati ya Kampala na Kigali alikwisha kuieleza vizuri. Wala sisemi cha Afrika ni sahihi kwa kuwa ni cha Afrika. Kifungu hicho hicho cha 3 kinamziba mkimbizi mdomo hata redioni, na mimi niliyekulia huko nakipinga. Ndiyo maana kinastahili kubishaniwa darasani, kama tunavyombishia Waltz.

Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha Makerere, aliuliza mwaka 1967 nani alinde amani ya Afrika, miaka 12 kabla ya kitabu cha Waltz. Kwa nini tunamsoma kama historia, na Waltz kama nadharia?

Walimu wetu, pendekezo likianzia Addis Ababa, liulizeni kama hoja zake zinasimama. Msiulize pasipoti yake. Na wenzangu, kabla ya kupanda taksi kwenda Nakivale na madodoso, tuandikeni upya sura ya pili.