Jiwe likisagwa halibaki lile lile

Ndugu wasikilizaji, na ninyi familia mliohamishwa toka Kasulo na Cité Gécamines: kila tukilalamika juu ya vumbi hapa Kolwezi, tunajibiwa kwamba hilo ni jiwe tu, hata mababu walilikanyaga. Jibu hilo si la kweli.

Angalieni kinu cha kiwandani. Mawe yanatiwa ndani ya pipa kubwa la chuma pamoja na mipira mizito ya chuma. Pipa linazunguka, mipira inapanda na kuanguka, inaponda mawe mpaka yanakuwa unga. Umeme mwingi unatumika kwa kazi hiyo, sababu asidi inatoa shaba na kobalti katika unga upesi kuliko katika bonge. Jiwe la sentimita 1 kila upande lina uso wa sentimita za mraba 6. Likisagwa kuwa chembe za sehemu 1 ya elfu ya milimita, nyuso zote pamoja zinafika meta za mraba 6, sawa na sakafu ya chumba kidogo.

Maabara zinaenda mbali zaidi. Unga wa metali unapigwa kwa mipira saa nyingi, mpaka punje za ndani yake zinahesabiwa kwa nanometa, yaani sehemu za milioni za milimita. Metali inakuwa ngumu zaidi. Kobalti, mali ya udongo wetu, ikipigwa hivyo inabadilisha hata mpangilio wa atomu zake.

Vinu vya migodi havifiki hapo, tena kwa kawaida vinasaga na maji. Vumbi letu linatoka kwenye baruti, makamiyo, mabaki makavu na mawe yanayopondwa karibu na nyumba. Lakini fundisho ni lile lile: kitu kikiwa kidogo, kinafanya kazi nyingine. Bonge haliingii kifuani. Chembe ndogo inaingia mpaka ndani ya mapafu. Utafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta wakaaji wa Kasulo, zaidi sana watoto, wakiwa na kobalti nyingi katika mkojo na damu kuliko watu wa mtaa wa jirani.

Kwa hiyo, siku watu wa kompani wanakuja kuhesabu nyumba, tusizungumze bei ya matofali na miembe peke yake. Tuulize: vumbi la kule tunakopelekwa limepimwa? Chembe zake ni ndogo namna gani? Zina kobalti kiasi gani? Nani atatusomea matokeo kwa Kiswahili, mbele ya wote, kabla ya mtu kutia sahihi?

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai fidia kwa anayehamishwa. Mimi naona fidia isiyohesabu hewa ya watoto ni nusu ya fidia. Tusitie sahihi kwa nusu.