Walimu wa Mpira Waandikwe Katika Tarikhi

Ijapokuwa sisi wakazi wa Kasumulu, kandokando ya Mto Songwe, hatuchoki kuutaja mwaka 1986, Tukuyu Stars walipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, ni wachache wanaokumbuka kwamba miongoni mwa machimbuko ya kandanda yetu ni chuo kidogo cha Kiungani, Unguja, ambako wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliwasomesha vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na ambako, karne ya 19 ingali haijamalizika, mpira ulichezwa kwa shauku kubwa. Wanafunzi wake walitawanyika bara, akiwamo Padri Leonard Kamungu, mzaliwa wa mwambao wa ziwa hili la Nyasa.

Lakini mwalimu wa mpira, yule aliyekijaza kibofu pumzi, akaikaza kamba ya ngozi kwa meno, kisha akasimama mvuani hadi magharibi akisahihisha pasi ileile moja, tarikhi humsahau, na hiyo kwangu ni dhuluma.

Nawasihi wakuu wa shule na vyuo vya wilaya yetu ya Kyela: waiteni wazee ambao wangali hai, yaandikeni majina ya walimu hao, na myahifadhi maktabani pamoja na picha za timu zao.