Maiti Halishi Mti, Huulinda

Barcelona kuna watu wanaouza kifuko cha kuoza: unatia majivu ya marehemu na mbegu, unafukia, kisha unaambiwa baba yako amekuwa msonobari. Picha zake zinatufikia kwenye simu huku Ukunda, na watu wazima wanaandika chini yake kwamba Wazungu wametuzidi akili.

Wametuzidi nini? Majivu ya mwili uliochomwa si mbolea. Yamejaa chumvi na chokaa, na yakirundikwa mahali pamoja huunguza mizizi michanga. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana ndani ya kifuko mbegu hukaa juu, kwenye udongo wake, na majivu chini. Mche unakula udongo wa dukani. Mfiwa ndiye anayelishwa hadithi.

Na kama sifa ni kuzikwa bila kuharibu ardhi, Mdigo hahitaji somo. Sanda ya pamba, mwanandani, mbao chache, udongo. Jeneza linarudi msikitini kumsubiri mwingine. Wangari Maathai, mtetezi wa miti wa Kenya, alipofariki mwaka 2011, nchi ilistaajabu kwamba alikataa mti ukatwe kwa ajili yake, akawekwa kwenye jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji. Mzee wa Msambweni angeuliza tu, kwani jeneza jipya la nini?

Sasa twende Kaya Kinondo, pale Diani, mojawapo ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Ni msitu wa hekta 30 hivi, na wazee wamezikwa humo. Nani atasema miti ile imenenepa kwa mifupa? Imesimama kwa sababu hakuna anayethubutu kuingia na panga. Mgeni anafungwa kaniki nyeusi, anatembezwa, anatoka mikono mitupu, hata jani hachukui. Nje ya mpaka wa kaya, mwamba uleule na mvua ileile, msitu umegeuka hoteli na ploti. Kaburi ndilo hatimiliki ya ule msitu, na wanaokesha wakilinda hatimiliki hiyo ni wazee wa kaya, ambao hawauzi kifuko chochote.

Hasira yangu kubwa, hata hivyo, si kwa Barcelona. Ni kwetu sisi tunaoamini kwamba kaburi lisilojengewa ni la mtu aliyesahauliwa. Siku hizi tajiri akifiwa, fundi wa vigae anaitwa kabla matanga hayajaanuliwa. Waislamu tunafanya hivyo huku hadithi ya Mtume aliyoipokea Jabir, katika Sahihi Muslim, inakataza wazi kupaka kaburi chokaa na kujenga juu yake. Mtume huyohuyo alipasua kuti bichi akalichomeka kwenye makaburi mawili. Wanavyuoni wanabishana kama nasi tufanye vile, na ubishi huo nawaachia wenyewe. Lakini mti ambao ndege anakula matunda yake ni sadaka kwa aliyeupanda. Hilo halina mgogoro.

Kamati za maziara za Diani, Gazi na Msambweni: chukueni mchango wa simiti, nunueni miche ya mkwaju na mwarobaini, pandeni ukingoni, mbali na mianandani. Kisha tangazeni siku ya Ijumaa kwamba atakayeikata ameingilia makaburi.