Kalamu, Daftari na Mungu

Haya, jibu upesi kabla hujasoma mbele. Daftari na kalamu pamoja ni shilingi 110. Daftari limezidi kalamu kwa shilingi 100. Je, kalamu ni shilingi ngapi?

Kama umesema 10, tuko wengi. Jibu ni 5. Shane Frederick alitumia swali kama hili, lake likiwa la mpira na gongo, katika jaribio alilolichapisha mwaka 2005. Linapima kama mtu hukubali jibu la kwanza linalomjia au hutua akalikagua.

Mwaka 2012 Will Gervais na Ara Norenzayan waliandika katika jarida la Science kwamba fikra za uchambuzi hupunguza imani ya dini. Katika jaribio lao moja, watu 57 walionyeshwa picha: baadhi sanamu ya Rodin ya mtu anayewaza, wengine sanamu ya mrusha kisahani. Waliotazama mwenye kuwaza walisema wanamwamini Mungu kwa kiasi kidogo zaidi.

Sisi waandishi wa programu tuliipenda habari hiyo. Mimi nilimpelekea mwenzangu wa kazini, ambaye husali kabla ya kuwasha kompyuta, nikamwambia mantiki ikiingia dini hutoka. Alinyamaza. Ndiye huyo huyo aliyekuwa akinionyesha makosa katika programu zangu.

Sasa sikiliza. Mwaka 2017 watafiti wengine walirudia jaribio la sanamu kwa watu wengi zaidi. Hawakuona kitu. Mwaka 2018 Gervais mwenyewe na wenzake walipima uhusiano huo katika nchi 13, wakaukuta dhaifu na wenye kubadilika toka nchi hadi nchi. Kisha mwaka 2021, wakiwatafiti Wamarekani, yeye na wenzake waliona kuwa kinachotabiri kutoamini kwa nguvu zaidi ni mtu kukua bila kuona watu wakiiishi imani yao. Malezi, ndugu zangu, si hesabu.

Hapo ndipo nilipoona haya. Programu ikikubali mara moja kwenye mashine yangu siwezi kumpa mteja. Naijaribu tena na tena. Lakini utafiti ulionisifu niliupokea bila kuukagua. Mimi mchambuzi nilijibu shilingi 10!

Sisemi kwamba Mungu yupo au hayupo. Jaribio la kalamu haliwezi kutuambia hilo. Nasema tu kwamba nilimkosea mwenzangu, na nimeshamwomba radhi. Alicheka, akaniuliza kama nimekagua vizuri hizo tafiti mpya.