Pima mkono kabla ya kuchonga upinde

Katika uwanja wa mbio za farasi wa Turffontein, kusini mwa Johannesburg, mpandaji haruhusiwi kuingia mbioni kabla ya kupanda mizani. Uwanja huu ulianza mwaka 1887, mwaka mmoja tu baada ya dhahabu kuuzaa mji wenyewe. Katika mashindano kama Summer Cup ya mita 2000, kila farasi hupangiwa mzigo wake: aliyeonyesha uwezo mkubwa huongezewa, mwenye uwezo mdogo hupunguziwa. Mpandaji akiwa mwepesi kuliko uzito uliopangwa, vipande vya risasi hutiwa kwenye tandiko mpaka hesabu itimie. Mbio zikiisha, anapimwa tena.

Mseremala anayeombwa kuchonga upinde wa mti angefanya vyema kuiga mizani hiyo. Ombi analoletewa mara nyingi ni moja: uwe mzito. Mteja hasemi mkono wake una urefu gani, hasemi atalenga shabaha ya majani au atautundika ukutani. Anataka mzito kwa kuwa mzito unasikika kuwa wa kiume. Fundi anayekubali ombi hilo bila kuuliza swali hata moja anamdhulumu mteja, tena anaidhulumu kazi yake.

Uzito unaozungumzwa hapa si ule wa gogo lililobebwa begani. Upinde wa kilo 20 unaweza wenyewe usifike hata kilo moja. Kilo 20 ni nguvu inayohitajika kuuvuta ugwe mpaka mshale ukae tayari kuachiwa. Kuipima ni kazi rahisi: mshiko wa upinde unakazwa ukutani, ugwe unanaswa kwenye ndoano ya mizani ya kuning'inia, kisha mizani inavutwa taratibu. Wapiga mishale wengi duniani husoma namba hiyo ugwe ukiwa umevutwa sentimita 71. Mwenye mikono mifupi hafiki huko, kwa hiyo upinde ule ule kwake ni mwepesi zaidi. Namba ya kilo isiyotajwa pamoja na urefu wa kuvuta haimwelezi mnunuzi chochote cha maana.

Historia ya Afrika yenyewe inakanusha dhana kwamba upinde bora ni ule unaowashinda watu kuuvuta.

Wawaata wa Tsavo, Kenya, waliojulikana pia kwa jina la Waliangulu, walikuwa na pinde zilizovuka kilo 45. Waliwinda tembo kwa miguu, na mshale uliopakwa sumu ya mti wa Acokanthera ulipaswa kuipenya ngozi nene ndipo sumu ifanye kazi. Uzito ule ulidaiwa na windo lenyewe. Kusini mwa bara, Wasan wa Kalahari waliishi kwa pinde ndogo zenye uzito wa kilo kumi na kitu tu. Mshale wao ulikuwa mwepesi kama unyasi, lakini ulipakwa sumu ya viluwiluwi vya mdudu Diamphidia, na mwindaji alimnyemelea mnyama mpaka karibu, akampiga, kisha akafuata nyayo zake kwa saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi. Ule wepesi haukuwa upungufu. Ulikwenda sambamba na sumu, na mwendo, na jicho linalosoma mchanga.

Kati ya hao wawili wamo Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao pinde zao huwa karibu na kilo 30. Mtoto wa Kihadzabe haanzi na upinde wa baba yake. Huanza na kijiupinde cha kulengea ndege na panya, kisha upinde hukua jinsi naye anavyokua. Hata katika Michezo ya Olimpiki, ambako shabaha huwekwa mita 70, mabingwa wengi huvuta upinde unaozunguka kilo 20. Wangeweza kuvuta zaidi. Wanachagua uzito wanaoweza kuurudia siku nzima bila mkono kutetemeka.

Kutetemeka huko ndiko kunakomponza mwanafunzi aliyepewa upinde wa majivuno. Bega hupanda juu, mgongo hupinda, ugwe huachiwa kabla haujafika shavuni. Baada ya wiki chache kinachobaki ni maumivu ya bega na upinde uliosimamishwa nyuma ya mlango. Wanaotetea uzito husema upinde mzito hutupa mshale mzito, mbali zaidi, kwa nguvu zaidi. Ni kweli, lakini kwa yule tu anayeweza kuuvuta mpaka mwisho na kutulia. Wapiga mishale wa meli ya Mary Rose, iliyozama Uingereza mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, walikuwa na pinde zinazokadiriwa kuanzia kilo 45 hadi kupita 80. Mifupa ya baadhi ya wanaume waliofia melini humo ina dalili kwenye mabega ambazo wataalamu wamezihusisha na kuvuta pinde tangu ujanani. Hakuna mteja wa Jumamosi mwenye maandalizi kama hayo.

Sasa ije kazi ya fundi, ambayo watu wengi hudhani ni kukunja kijiti na kufunga kamba. Nguvu ya mti kupinga kupindwa hufuata unene wake kwa mchemraba. Tuseme upinde una unene wa milimita 12 na unavutwa kwa kilo 25. Fundi akiparuza milimita 1.2 kila mahali, yaani sehemu moja ya kumi, upinde hautashuka kwa sehemu moja ya kumi. Utashuka kwa zaidi ya robo, mpaka kilo 18 hivi. Sehemu moja ya kumi ikitolewa kwenye upana, uzito hupungua kwa sehemu moja ya kumi tu. Ndiyo maana anayekaribia uzito anaoutaka huweka tezo chini, akashika kipande cha kioo au msasa.

Mti huondolewa upande wa tumbo, ule unaomtazama mpigaji. Mgongo hauguswi, kwa sababu nyuzi zake ndizo zinazonyooshwa upinde ukivutwa, na uzi mmoja uliokatwa unaweza kuwa mwanzo wa ufa. Kila baada ya kuparuza, upinde huvutwa kidogo mara kadhaa ili mti uonyeshe badiliko, ndipo upelekwe mizanini. Na kuna sharti moja ambalo fundi makini halivunji: upinde unaokusudiwa kuwa wa kilo 20 hauvutwi kupita kilo 20 hata mara moja, hata kama ugwe haujafika nusu ya safari. Ukivutwa kupita hapo, tumbo hukunjika na kubaki kombo, na nguvu iliyopotea hairudi kwa urahisi. Zipo njia za kuiongeza, kama vile kukata ncha ili upinde uwe mfupi au kuoka tumbo juu ya makaa, lakini zote ni za hatari kuliko subira ya mwanzo.

Turffontein ina somo jingine kwa fundi, nalo ni hewa. Johannesburg iko mita 1700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na majira yake ya baridi ni makavu. Mti uliokaushwa huko hukaza na kuongeza kilo, lakini pia huwa rahisi kuvunjika. Upinde huo huo ukisafirishwa hadi Mombasa au Dar es Salaam hunywa unyevu wa pwani, ukalegea. Kwa hiyo namba iliyosomwa karakana ya bara si ahadi kwa mteja wa pwani.

Ujuzi huu una miaka mingi kuliko vitabu vyetu. Pangoni Sibudu, KwaZulu-Natal, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kilicho mwendo mfupi wa gari kaskazini mwa Turffontein, walieleza mwaka 2008 kuhusu ncha ya mfupa yenye umri wa miaka zaidi ya 60,000, inayofanana na ncha za mishale ya Wasan. Hata hivyo wenye ujuzi wamekuwa wakihesabiwa kama wahalifu au vivutio vya utalii. Operesheni dhidi ya ujangili ya miaka ya 1956 na 1957 huko Tsavo, chini ya mhifadhi David Sheldrick, iliwapeleka Wawaata wengi gerezani. Kulinda tembo kulikuwa jambo la lazima. Kuitupa hesabu ya mti pamoja na ujangili hakukuwa lazima.

Tanzania, kwa sera ya elimu toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika shule za sekondari. Upinde unastahili nafasi katika karakana za mkondo huo. Ndani yake mna useremala, mna fizikia, mna heshima kwa kipimo, na gharama yake ni ubao mmoja na mizani ya kuning'inia. Wachongaji wa Kihadzabe waitwe kufundisha, tena walipwe kama wakufunzi.

Na kila fundi, awe wa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, au wa Turffontein, aandike namba mbili kwenye mshiko kwa kalamu isiyofutika: kilo, na urefu wa kuvuta. Amwambie mteja aurudishe upinde baada ya mishale mia mbili, kwa sababu mti hulegea ukianza kazi. Siku hiyo upinde utundikwe tena, ugwe unaswe kwenye ndoano, namba mpya iandikwe chini ya ile ya zamani.