Wajumbe Wenzangu, Huyu Simpi Kura

Wajumbe wenzangu wa kata zetu za Ifakara, nasema mapema ili asije mtu kunishangaa ukumbini: Agosti 4, 2025, kwenye kura za maoni za CCM za udiwani, yule ndugu yetu simpi kura yangu. Nanyi nawaomba msimpe.

Jina silitaji. Kata yetu inamjua, na ninyi wa kata nyingine mkichungulia vizuri mtamwona wa kwenu anayefanana naye. Wala simchukii. Msibani anafika na koleo analishika. Mto Lumemo ulipovimba na maji yakaingia majumbani, alileta magodoro kabla ya wengi wetu kuamka. Hayo ni yake, hakuna atakayemnyang'anya.

Kinachonikera kilianza mpunga ulipoingia ndani. Kwanza ilikuwa nauli. Mjumbe anaitwa kwenye kikao kisichokuwa kwenye ratiba yoyote ya chama, nyumbani kwa mpambe, anakunywa soda, na akitoka anapewa nauli, ilhali kwake ni nyumba ya nne kutoka pale. Ikafuata hela ya sabuni kwa mama zetu wa UWT. Sasa hata kikao hakuna. Muamala unaingia kwenye simu usiku, jina la mtumaji hulifahamu, na asubuhi mpambe anapiga kuuliza kama salamu zimefika.

Wapo wanaotetea kwamba huo ni ukarimu tu, na Mswahili hamwachi mgeni aondoke mikono mitupu. Hoja hiyo ilishajaribiwa mahakamani ikaanguka. Sheria ya mwaka 2000 iliruhusu takrima kwenye uchaguzi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaifungulia kesi, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vile, kwa kuwa vilimbeba mgombea mwenye fedha na kumwacha asiye nazo. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, nayo haikusubiri kampeni zianze: inagusa hata uteuzi wa wagombea ndani ya chama. Achilia mbali ile ahadi ya uanachama tunayoikariri kila siku, kwamba rushwa ni adui wa haki.

Biashara ya mpunga hapa Bonde la Kilombero mnaijua. Februari palizi imekubana na ndani hakuna kitu, anakuja mtu na fedha taslimu. Unapokea, na ukivuna unamlipa kwa gunia, kwa bei aliyoipanga yeye siku ile ulipokuwa na shida. Sijawahi kumsikia mkulima akijisifia mkataba huo. Ndugu yetu anainunua kata kwa mtindo huo huo, na mavuno yake ni ya miaka mitano. Atavunia wapi? Baraza la Madiwani ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inakwenda kwenye mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kikiomba mkopo, safari inaanzia kwenye kata, na mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata ni diwani. Aliyetudai tangu Julai atatukumbusha deni hapo.

Lakini hata asingetoa shilingi moja, bado ningemkataa, kwa sababu ana maneno mawili kuhusu ardhi. Akikaa na wakulima anaapa kwamba mifugo yote itaondoka. Akikaa na wafugaji anawahakikishia kuwa hakuna atakayewagusa. Sisi tuliishuhudia operesheni ya 2012, ng'ombe walipoondolewa bondeni kwa maelfu, na ugomvi wa mipaka kati ya vijiji na hifadhi hatuusomi magazetini, tunalala nao. Bonde hili limo kwenye orodha ya Ramsar tangu 2002, na Mto Kilombero ndio unaoipa Rufiji sehemu kubwa ya maji, kule lilikojengwa Bwawa la Julius Nyerere. Wenye macho juu ya ardhi yetu ni wengi, na ni wakubwa kuliko sisi. Anayekwenda kutusemea awe na neno moja, hata kama neno lenyewe hatulipendi. Nilimwuliza mbele ya watu aniambie lipi kati ya yale mawili ni lake. Akacheka: "Mwalimu, hiyo ndiyo siasa."

Mwaka huu kosa letu litakuwa zito kuliko kawaida. 2015 Wilaya ya Kilombero iliwapa CHADEMA majimbo yake yote mawili, Kilombero kwa Peter Lijualikali na Mlimba kwa Susan Kiwanga. Tukileta mgombea mbovu, wananchi walikuwa na pa kwenda Oktoba. Sasa CHADEMA haimo, maana haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi Aprili 12, na kwenye kata nyingi atakayepita kwetu Agosti ndiye diwani, basi. Jirani yako asiye na kadi hatapiga kura Agosti 4, ila atatawaliwa na matokeo yake. Kwa hiyo nanyi msio wanachama, msikae pembeni. Wajumbe mnatujua, tunateka maji bomba moja. Tuulizeni tumepokea nini.

Baada ya kura za maoni za 2020 nchi nzima ilitutania kwamba wajumbe si watu wazuri: wanakula kwa kumi, wanampa mmoja. Wapo wanaonishauri turudie mchezo ule, tule hela yake kisha tumnyime kura. Naona ujanja huo unamwumiza asiyehusika. Yule mtia nia asiye na kitu, aliyekuja na mipango yake kwenye daftari, anajifunza kuwa bila fedha hata kusikilizwa hasikilizwi, na safari ijayo hachukui fomu. Januari, Mkutano Mkuu kule Dodoma ulibadili katiba ya chama ili wapiga kura za maoni tuongezeke. Tukasema sasa tumekuwa wengi mno, hatununuliki. Wapambe wakashusha bei.

Ombi langu ni kwamba kila tawi likutane kabla ya Agosti 4 na wajumbe waambiane wazi nani ametumiwa nini. Ujumbe wa muamala usiufute. Hela irudishe, kisha piga TAKUKURU, namba 113, simu haikatwi salio. Mjumbe mmoja akifanya hivyo ataitwa mnoko. Likifanya tawi zima, mpambe hana pa kuingilia. Na watia nia wakija kujieleza, tuwaulize wote, si yeye peke yake: fedha za kutafutia kura umezitoa wapi, na kuhusu ardhi unasema nini hapa, mbele ya mkulima na mfugaji kwa pamoja.

Tawi letu linakutana Jumapili alasiri. Mimi nitakuja na simu. Hela nimeisharudisha, ujumbe ninao.