Uzio wa Norfolk, Malisho ya Ngarenanyuki

Hapa Arusha, kijana akisema anasoma chuo kikuu historia ya Ulaya ya miaka ya 1500 hadi 1800, mmoja atamuuliza ataajiriwa na nani, labda na Papa. Mwingine atasema hiyo ni kasumba ya mkoloni. Wote wawili nawapinga.

Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 Ngarenanyuki. Nyumba zikachomwa, ardhi wakapewa walowezi wafugie ng'ombe. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaipeleka kesi hiyo hadi Umoja wa Mataifa kule New York. Hayo tunayasimulia kwa fahari, na ni haki yetu. Ila hatuulizi: hii hoja kwamba apewe ardhi yule atakayeizalisha zaidi, ilitoka wapi? Maana haikuota Meru.

Ilikomaa Uingereza. Katika karne ya 16 makabaila wa huko walikuwa wakizungushia uzio malisho ya vijiji ili wafuge kondoo wa sufu. Mwaka 1549 wakulima wa Norfolk wakiongozwa na Robert Kett waling'oa uzio huo. Wakapigwa, Kett akanyongwa. Mwaka 1689 John Locke akachapisha kitabu kinachosema ardhi huwa mali ya mtu kwa jasho analoitilia, huku akitoa mfano wa wenyeji wa Marekani kuwa wana ardhi tele ila hawaiendelezi. Bwana huyo alikuwa na hisa katika kampuni iliyouza Waafrika utumwani.

Kwa hiyo kabla hoja hiyo haijamfikia Mmeru, ilishamfukuza Mzungu maskini kwao. Nani atakuambia hayo kama hujasoma?

Nakubali, tunafundishwa vibaya. Tunakaririshwa pointi sita za chanzo cha Matengenezo ya Kanisa, mtihani ukipita zinayeyuka. Basi tubadilishe ufundishaji: mhadhiri aanzie Ngarenanyuki, arudi nyuma hadi Norfolk. Lakini kulifuta somo lenyewe, eti halina soko? Hapana jamani.

Maneno "ardhi hii haiendelezwi" bado yanasemwa kwenye mikutano ya vijiji vyetu, siku hizi kwa Kiswahili fasaha. Nataka pale kwenye mkutano awepo walau kijana mmoja anayeweza kusimama na kusema: hoja hiyo naijua, na najua iliwafanya nini watu wa Norfolk.